Triathloni: Mwogope kocha anayekupa ratiba kabla ya kukuuliza maswali

Na Mwandishi Wetu

KUOGELEA kilometa 1.9 katika Ziwa Kivu, kuendesha baiskeli kilometa 90, kisha kumalizia kwa kukimbia kilometa 21.1. Huo ndio mtihani uliowakabili wanamichezo waliofika Rubavu, nchini Rwanda, Agosti 2022, wakati mashindano ya Ironman 70.3 yalipofanyika huko kwa mara ya kwanza.

Mashindano hayo yaliusogeza jirani mchezo ambao wakazi wengi wa miji ya Afrika Mashariki walizoea kuuona kwenye televisheni tu, tena wakati wa Olimpiki. Aidha, yaliwaachia baadhi yao swali: je, nami naweza?

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, jibu mara nyingi ni ndiyo. Jambo linalohitaji kufikiriwa kwa makini ni nani atakayemwongoza.

Anayeanza mchezo huu leo hapungukiwi na ushauri. Simu yake inaweza kumletea ratiba kumi za mazoezi kabla hajamaliza kikombe cha chai. Kinachokosekana ni ushauri unaomfaa yeye, na kukosea katika uchaguzi huo kunaweza kumgharimu fedha, goti au hata uhai.

Mchezo wenyewe

Triathloni ni mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja, ambapo saa haisimami hata wakati mchezaji anapobadilisha viatu.

Historia yake si ndefu. Septemba 25, 1974, klabu ya riadha ya San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, iliandaa shindano la aina hiyo katika Mission Bay, na watu 46 wakashiriki. Zaidi ya miaka mitatu baadaye, Februari 1978, watu 15 walianza shindano la kwanza la Ironman huko Hawaii na 12 kati yao wakamaliza. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, Australia.

Umbali hutofautiana. Shindano fupi linalofahamika zaidi lina mita 750 za kuogelea, kilometa 20 za baiskeli na kilometa 5 za kukimbia. Umbali wa Olimpiki ni maradufu ya huo. Ironman kamili ni kilometa 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli na 42.2 kwa miguu.

Hapo ndipo ushauri mzuri unapoanza kujipambanua na ushauri mbaya. Mwalimu makini humwelekeza anayeanza kwenye umbali mfupi, hata kama mwanafunzi mwenyewe amekuja na ndoto ya Ironman. Mwenye haraka ya kupata mteja hukubali lolote analoambiwa.

Hatari kubwa iko majini

Watu wengi hudhani kwamba sehemu ya kuogopa ni kukimbia wakati mwili umechoka, au baiskeli inayoteremka kwa kasi. Takwimu zinaonyesha vingine.

Mwaka 2017, watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Annals of Internal Medicine uchunguzi wa matukio 135 ya vifo na kusimama kwa moyo yaliyotokea katika mashindano ya triathloni nchini humo kati ya mwaka 1985 na 2016. Matukio 90 yalitokea wakati wa kuogelea. Katika kukimbia yalikuwa 15, na ajali za baiskeli zilichangia 15.

Uchunguzi huo ulibainisha pia kwamba kati ya marehemu 61 ambao taarifa za uchunguzi wa miili yao zilipatikana, 27 walikuwa na kasoro za moyo au mishipa ya damu. Wengi wa waliofikwa na matukio hayo walikuwa wanaume wa umri wa kati, yaani watu ambao kwa nje walionekana wakakamavu.

Ni kweli kwamba matukio hayo ni machache yakilinganishwa na mamilioni ya watu walioshiriki. Hata hivyo, yanatoa kipimo cha kwanza cha mshauri yeyote. Je, amekuuliza kama unajua kuogelea? Amekuuliza kuhusu shinikizo la damu, maumivu ya kifua, kuzimia, au ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Amekutaka umwone daktari kabla ya kuanza mazoezi magumu? Kama hajafanya hivyo, ratiba aliyokupa ni karatasi tu.

Kujua kuogelea bwawani nako hakutoshi. Bwawa lina ukuta wa kushika, mstari wa kufuata na maji yanayoonyesha sakafu. Baharini na ziwani hakuna hata kimoja. Mwogeleaji hulazimika kuinua kichwa kila baada ya mikono kadhaa ili aone anakokwenda, huku akigongwa miguu na mabega ya wenzake. Hofu inayomshika mtu katika dakika za mwanzo inaweza kumkata pumzi hata kama ana nguvu za kutosha.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, mwalimu wa maji anapaswa pia kuijua bahari ya hapo. Awe anajua saa za maji kujaa na kupwa, tofauti ya bamvua na maji mafu, na siku ambazo upepo wa kusi unaichafua bahari. Asimruhusu mwanafunzi kuingia peke yake, na awepo mtu wa kuangalia, boya la rangi kali na namna ya kumtoa mtu majini akizidiwa. Mvuvi wa hapo anaweza kumweleza mengi kuhusu mikondo, na mwalimu mzuri haoni aibu kumuuliza.

Walimu watatu, msimamizi mmoja

Katika eneo letu, elimu ya kukimbia ni utajiri uliopo. Kenya, Ethiopia na Tanzania zimetoa wakimbiaji wa kimataifa kwa miongo mingi, na mbio kama Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, zimezaa vikundi vya mazoezi mijini. Waalimu wa kuogelea wanapatikana kwenye mabwawa ya shule, hoteli na klabu. Vikundi vya baiskeli navyo vipo.

Kumpata mtu mmoja anayeyajua yote matatu ni kazi ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo, wanaoanza wengi hujikuta na walimu watatu, na hapo huzuka tatizo lisiloonekana mapema. Mwalimu wa mbio anapanga kazi ngumu Jumanne. Wa kuogelea naye anaipenda Jumanne. Kikundi cha baiskeli kinatoka Jumatano alfajiri kwa mwendo wa mashindano. Kila ratiba peke yake ni nzuri, lakini mwili unaozipokea zote ni mmoja.

Ufumbuzi ni kuwa na msimamizi mmoja wa mzigo wote, hata kama mafundi wa kila sehemu ni tofauti. Msimamizi huyo anaweza kuwa kocha wa triathloni aliye mji mwingine, anayewasiliana na mchezaji kwa simu. Kazi yake ni kuona juma zima, kupanga siku ya mapumziko na kuwaambia wengine: wiki hii punguzeni.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, World Triathlon, lililoanzishwa mwaka 1989, lina mafunzo ya makocha kwa ngazi, kuanzia ya kwanza kwa wanaofundisha wanaoanza hadi ya tatu kwa wanaofundisha wanamichezo wa juu. Si vibaya kumwomba kocha akuonyeshe cheti chake, pamoja na uthibitisho kwamba amejifunza huduma ya kwanza. Lakini cheti ni mwanzo wa mazungumzo. Zungumza pia na watu aliowafundisha, hasa waliowahi kuumia mikononi mwake, usikie alivyowashughulikia.

Kanuni zinazoimbwa na ukweli wake

Njia nyingine ya kumpima mshauri ni kuangalia anavyozitumia kanuni maarufu za mazoezi.

Mfano ni ile ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo. Kwa mtu wa miaka 40, hesabu hiyo hutoa mapigo 180 kwa dakika. Ni wastani wa watu wengi, na kiwango halisi cha mtu mmoja kinaweza kupishana nao kwa mapigo 10 au zaidi. Anayepanga kazi yote kwa namba hiyo bila kumpima mwanafunzi wake anaweza kumchosha mmoja na kumpumzisha mwingine bila kujua.

Kanuni ya pili inasema umbali wa kukimbia usiongezwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha wanaoanza kukimbia waliofuata ongezeko la taratibu la namna hiyo na wengine waliofuata ratiba ya kawaida. Kiwango cha kuumia kilikuwa karibu sawa, takriban mtu mmoja kati ya watano katika kila kundi. Maana yake si kwamba mtu aongeze apendavyo, bali kwamba hakuna namba inayoweza kuchukua nafasi ya jicho la mwalimu na ukweli wa mwanafunzi kuhusu maumivu yake.

Ipo kanuni iliyosimama vizuri zaidi. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alionyesha kuwa wanamichezo wa juu wa michezo ya ustahimilivu hufanya takriban asilimia 80 ya mazoezi yao kwa nguvu ndogo, kiasi cha mtu kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Sehemu ndogo tu ndiyo huwa ngumu. Ratiba inayomtaka anayeanza kuhema kila siku haina msingi huo.

Ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya

Ratiba za kununua kwenye intaneti, na siku hizi zinazotungwa na kompyuta kwa sekunde chache, zina manufaa yake. Ni rahisi, zina mpangilio, na humsaidia mwenye uzoefu anayejua kuzirekebisha. Tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa kwa mtu wa mazingira mengine.

Humchukulia mwogeleaji kuwa na vazi nene la mpira linalomwelesha, wakati maji ya pwani yetu ni ya joto kiasi ambacho sheria za mashindano mengi haziruhusu vazi hilo. Hupanga baiskeli ya saa tatu mchana, bila kujua joto la Februari Dar es Salaam wala malori na bodaboda wa barabarani. Mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kulizoea joto, hivyo anayetoka Arusha au Nairobi kwenda kushindana pwani anahitaji maandalizi ambayo karatasi ya Ulaya haiyataji.

Vilevile hazijui Ramadhani. Kwa mchezaji anayefunga, mwezi huo unahitaji mpango wake: mazoezi mepesi karibu na futari, kazi ngumu kuahirishwa, na usingizi kulindwa. Mwalimu anayesema "endelea kama kawaida" hajamsikiliza mtu wake.

Hata maji ya kunywa yanahitaji maelezo. Kunywa kidogo mno katika joto ni hatari, na kunywa kupita kiasi kwa saa nyingi kunaweza kushusha chumvi katika damu hadi mtu akachanganyikiwa na kupoteza fahamu. Mwalimu mzuri humfundisha mchezaji kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi, ili ajue mwili wake unapoteza kiasi gani.

Dalili za kukimbiwa

Zipo dalili ambazo msomaji akiziona anapaswa kufunga mkoba wake. Kocha anayeahidi muda wa kumaliza kabla hajakuona ukiogelea. Kocha anayewapa watu wote ratiba moja. Anayedharau maumivu na kuyaita uvivu. Anayekulazimisha kununua vidonge na unga wa kuongeza nguvu kutoka kwake. Asiyekuwa na siku ya mapumziko katika mpango wake.

Kwa wazazi na kwa vijana, ipo dalili nzito zaidi: mwalimu anayetaka kuwa peke yake na mtoto, iwe bwawani, safarini au kwa ujumbe wa simu wa usiku. Mafunzo ya heshima hufanyika mahali watu wanapoona.

Anayetaka kuanza na asiyekuwa na fedha za kocha wa kudumu anaweza kupanga kwa hatua. Fedha za kwanza ziende kwa daktari, za pili kwa mwalimu wa kuogelea. Baiskeli ya bei kubwa inaweza kusubiri, maana ile iliyopo, ikiwa na breki nzima na mpandaji akiwa na kofia ngumu, inatosha kwa shindano la kwanza. Kukimbia kunaweza kufanyika na kikundi cha mtaani.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kocha wa kuaminiwa ni yule anayetaka kujua wewe umefika wapi, kabla ya kukuambia uingie.