Lubumbashi: mboga nyuma ya nyumba wakati wa joto, bila kazi nyingi

Mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, mvua huondoka mwezi wa nne na kurudi kwa nguvu mwezi wa kumi na moja. Kati ya hapo udongo hukauka, na kuanzia mwezi wa tisa joto hupanda. Familia nyingi hununua mboga kila jioni, fungu moja moja. Pesa ni kidogo kwa siku, ila ukihesabu mwisho wa mwezi ni nyingi. Bunga ya bukari kwa sehemu kubwa hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mboga ya kusindikiza bukari hiyo, angalau, inaweza kutoka ndani ya kiwanja.

Siri ya bustani isiyochosha ni kuchagua mimea inayojitegemea. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, bila kununua mbegu, na baada ya mwezi mmoja na nusu hivi unaanza kukata majani. Lengalenga huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Ukikata juu bila kung'oa, huchipuka tena. Maboga yanakupa chakula mara mbili: majani kwanza, matunda baadaye. Gombo huvumilia joto vizuri. Tomati, kwa upande wake, inadai maji na uangalizi. Miche minne au mitano inatosha kwa anayeanza.

Kwa matunda, panda mpapai mahali ambapo maji hayatuami, kwa sababu mizizi yake huoza haraka. Huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Marakuja hupanda juu ya ukuta au wavu na hakuli nafasi ya chini.

Kazi kubwa ya kiangazi ni maji, hasa pale ambapo bomba halitoki kila siku. Funika udongo kwa majani makavu, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Jua halitafika kwenye udongo, magugu yatapungua, na badala ya kumwagilia kila siku utamwagilia mara mbili au tatu kwa wiki. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, kwenye mizizi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Yale yenye javeli au sabuni nyingi, hapana. Maganda ya jikoni yafukiwe pembeni ili yawe mbolea.

Kuna jambo moja ambalo mkaaji wa Lubumbashi hapaswi kulisahau. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ulipelekwa na upepo upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mboga za majani za masoko ya mji na kukuta ndani yake madini kama shaba, kobalti na risasi. Madini hayo hayaonekani kwa macho, na kuchemsha hakuyaondoi.

Kwa hiyo, anayeishi chini ya njia ya moshi huo, karibu na karakana za madini au kando ya barabara ya malori, asipande mboga za majani moja kwa moja ardhini. Achukue magunia ya bunga yaliyoisha, ayatoboe chini, ayajaze udongo uliotoka mbali na viwanda, uliochanganywa na mbolea ya mifugo iliyooza. Majani yaoshwe kwa maji safi mara mbili au tatu ili kuondoa vumbi. Maboga, gombo na mapapai kwa kawaida hubeba madini kidogo kuliko majani.

Kwa anayetaka kuanza, magunia matatu ya matembele na lengalenga yanatosha. Yakianza mwezi wa nane, baridi ikipungua, mwezi wa kumi sufuria haitasubiri soko.