Msanii, kabla ulipie ‘residensi’ ng’ambo, uliza maswali haya

Uko kwa bedsita yako, kanvasi imeegemea kitanda, na mwenye nyumba ashalalamika mara mbili kuhusu harufu ya tapentaini. Unachora usiku kwa sababu mchana unasaka kodi. Halafu unatumiwa tangazo: njoo ng’ambo miezi mitatu, uchore, uishi bure. Moyo unaruka. Hebu tulia kwanza.

Wasanii huiita residensi. Makavazi au kituo cha sanaa hukupa chumba cha kazi, muda na mara nyingi pesa za kujikimu, ili ufanye kazi yako bila kusumbuliwa.

Chukua mfano wa The Studio Museum in Harlem, jijini New York. Ilifunguliwa mwaka 1968 katika orofa ya kukodi, na neno “Studio” halikuwekwa kama pambo. Mchoraji William T. Williams alipendekeza wasanii wapewe vyumba humo humo, ili sanaa itengenezwe pale inapoonyeshwa. Huchukua wasanii watatu kwa awamu, wenye asili ya Afrika, wakiwemo Walatino wenye asili hiyo, na mwishowe kazi zao huwekwa kwenye maonyesho.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mmoja wao mwaka 2003 hadi 2004. Mwaka 2019, sanamu zake nne za wanawake walioketi ziliwekwa mbele ya jengo la Metropolitan Museum of Art, mji huo huo. Hesabu miaka iliyopita katikati. Residensi haikumfanya staa kwa usiku mmoja. Ilimpa mlango wa kufunga na muda wa kujaribu, kukosea na kurudia.

Basi pima kila tangazo kwa mizani hiyo: je, watanipa nafasi na muda, au wanataka pesa zangu tu?

Rafiki yangu alilipa “ada ya usajili”, akaletewa barua nzuri yenye muhuri. Kisha akaambiwa anunue tiketi na bima mwenyewe. Akauza kompyuta yake. Wakati wa kuomba viza, waliomwalika hawakushika simu tena. Mpaka leo hajarudi kuchora.

Kwa hivyo uliza mapema. Nani analipa nauli, malazi na bima? Studio ni yangu peke yangu? Kazi nitakazotengeneza huko zitakuwa za nani? Nani alishawahi kukaa hapo, nimtafute nimuulize? Wakikasirika kwa kuulizwa, ushapata jibu.

Na usijinyime eti kwa sababu hukumaliza chuo. Mimi pia sikumaliza. Soma masharti, wengi hutazama kazi kwanza. Piga picha safi za kazi zako mchana, andika kwa ufupi unachotaka kufanya huko, tafuta mtu anayekujua akupendekeze.

Tena si lazima upande ndege. Kuona Trust ilianzia Makavazi ya Nairobi mwaka 1995, wasanii wa hapa wakafanya kazi bega kwa bega na wageni. Ukikosa Harlem mwaka huu, changeni kodi ya chumba kimoja na wenzako wawili. Fungeni mlango, mfanye kazi.