Fahamu: Je, sumaku inaweza kukata kifafa kisichokoma?

Mtu akianguka kifafa na mitukutiko ikapita dakika 5, hiyo ni dharura: ubongo unaweza kuumia, hata kifo kikatokea. Dawa za mwanzo ni za jamii ya diazepamu. Zikishindwa, hufuata nzito zaidi, na mwisho mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa.

Hapo ndipo baadhi ya madaktari wamejaribu sumaku. Koili huwekwa juu ya kichwa, bila upasuaji, na mapigo yake huzalisha umeme mdogo ndani ya ubongo. Yakipigwa polepole, pigo moja kwa sekunde hivi, hutuliza seli zinazofyatuka ovyo. Anthony Barker na wenzake walikionyesha kifaa hicho Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Marekani ilikiidhinisha kwa sonona mwaka 2008. Kwa kifafa kisichokoma, ushahidi bado ni wa wagonjwa wachache, na kwa nadra mapigo yenyewe huchochea kifafa.

Kwa Bujumbura, sioni kuwa hilo ndilo la kukimbilia. Utafiti wa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, uliochapishwa 2003, ulionyesha kuwa mabuu ya tegu wa nguruwe ni chanzo kikubwa cha kifafa. Hata asiyegusa nguruwe, kama Waislamu wengi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anaweza kuambukizwa, kwani mayai hutoka kwenye kinyesi cha binadamu na kufikia maji na mboga. Choo na sabuni vinatangulia koili.

Mtu akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Dakika 5 zikipita, mkimbize hospitali.