Faili zaweza kugawanwa nyumbani bila bando, ila jua nani yumo mtandaoni

KATIKA nyumba nyingi mijini, barua iliyo katika kompyuta ya sebuleni huifikia kompyuta ya chumbani kwa safari ya ajabu. Mwenye faili huituma kwa barua-pepe au WhatsApp, ikatoka nje hadi kwenye mitambo ya kampuni husika, pengine ng'ambo ya bahari, kisha ikarejea katika nyumba ile ile kwa mtu aliyeketi hatua kumi kutoka kwake.

Safari hiyo hulipiwa mara mbili: faili inapopanda na inaposhuka. Wanaokwepa gharama hutumia flashi, kifaa ambacho hupotea mifukoni na ambacho kwa miaka mingi kimekuwa matatu ya virusi vya kompyuta, kikivibeba kutoka saiba moja hadi nyingine na hatimaye kuvishusha nyumbani.

Ilhali kisanduku cha wifi kinachomulika taa zake juu ya kabati kingeweza kuifanya kazi hiyo bila malipo yoyote.

Kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita ruta, kina majukumu mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kuiunganisha nyumba na intaneti. La pili, ambalo halitajwi sana pengine kwa kuwa halimletei mtu yeyote ada ya mwezi, ni kuviunganisha vifaa vya nyumba hiyo vyenyewe kwa vyenyewe.

Kila kifaa kinapojiunga, ruta hukipa anwani ya nambari ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Kanuni iliyotolewa mwaka 1996 inazitenga anwani za aina hiyo kwa matumizi ya mitandao ya ndani pekee, nazo hazipitishwi katika intaneti ya nje.

Ni mfano wa nambari za vyumba katika ploti. Kila ploti ina chumba nambari 3, na barua yenye anwani hiyo tu haiwezi kufika popote ikitiwa posta. Hata hivyo, bawabu wa lango anajua barabara mlango huo ni upi.

Kwa hivyo, faili inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine humo ndani haigusi bando hata kidogo. Hata siku ambayo malipo ya mwezi yamechelewa na intaneti ikakatwa, kazi hiyo huendelea mradi ruta ina umeme.

Kuhusu kasi, kebo yenye uwezo wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 12 kila sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Filamu ya megabaiti 700 itahama kwa muda wa dakika moja hivi. Wifi hutegemea umbali na unene wa kuta, na katika nyumba za mawe tofauti hiyo huonekana wazi.

Lugha ambayo kompyuta hutumia kuombana faili inaitwa SMB. Ilibuniwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, kisha ikakuzwa na Microsoft. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell wa Australia alianza kuandika programu iliyowezesha kompyuta zisizotumia Windows kuizungumza lugha hiyo. Programu ikaitwa Samba, jina lililopatikana kwa kusaka katika orodha ya maneno lile lenye herufi S, M na B. Ngoma ya Brazil haikuhusika.

Leo kompyuta za Windows, za Apple na za Linux zote huelewana kwa lugha hiyo, na hata simu nyingi zaweza kuisoma kupitia programu zao za faili.

Mathalan, ichukuliwe nyumba ambamo mama huweka hesabu za duka katika kompyuta ya mezani, mwanawe aliye chuoni ana kipakatalishi, na bintiye wa sekondari hutumia kipakatalishi kikuukuu cha babake. Haja yao ni ndogo: kazi za shule, picha za familia na nakala za stakabadhi ziwe mahali pamoja ambapo kila mmoja anaweza kuzifikia.

Jambo la kwanza ni kuiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa nyumbani. Katika mipangilio ya mtandao kuna chaguo la mtandao wa faragha na la mtandao wa umma. Ukiachwa katika hali ya umma, kompyuta hujificha kama inavyopaswa kufanya mkahawani au uwanja wa ndege, na juhudi zozote zitakazofuata zitagonga mwamba. Wengi huhangaika saa nzima kwa sababu hiyo tu.

Baada ya kuchagua faragha, katika ukurasa wa mipangilio ya ziada huwashwa mambo mawili: kompyuta kuonekana na wenzake, na ruhusa ya kugawana faili na printa. Wanaofuata maelezo ya zamani watakuta yakitaja kikundi cha nyumbani, mpango ulioletwa na Windows 7 mwaka 2009. Mpango huo uliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018, na kuutafuta sasa ni kupoteza wakati.

Kisha huundwa folda moja mahsusi katika kompyuta ya mezani, tuseme iitwe Familia. Ni kosa kugawa diski nzima au folda yote ya stakabadhi kwa kisingizio cha kurahisisha mambo. Hesabu za duka, nakala za vitambulisho na hatimiliki za mashamba hazina haja ya kuonekana na kila kifaa kilichomo nyumbani.

Folda hiyo ikibofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na sifa zake kufunguliwa, kuna sehemu ya kugawana. Hapo huchaguliwa nani ataifikia na kwa kiwango gani: kusoma tu, au kusoma na kubadilisha. Chaguo hili huonekana dogo lakini, kama itakavyobainika, ndilo linaloweza kuokoa picha za miaka kumi.

Katika kipakatalishi, mwana hufungua dirisha la faili na kuandika katika upau wa anwani mikwaju miwili ya kurudi nyuma ikifuatwa na jina la kompyuta ya mama, yaani \\MEZANI ikiwa hilo ndilo jina lake. Ataulizwa jina la mtumiaji na nywila.

Hapa ndipo wengi hukwama. Nambari fupi ambayo mtu hubonyeza kila asubuhi kufungulia Windows si nywila, na haitambuliki kupitia mtandao. Vilevile, akaunti isiyo na nywila yoyote hukataliwa kwa kawaida inapojaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine.

Njia nyofu ni kuunda katika kompyuta ya mezani akaunti ndogo ya ziada, isiyofungamana na barua-pepe ya mtu, ikapewa nywila yake na kutumiwa kwa kazi hiyo pekee. Mama hatalazimika kumpa yeyote nywila yake mwenyewe.

Katika kompyuta za Apple swichi ya kugawana faili imo katika mipangilio, sehemu ya kugawana, nako ni lazima kuwashwe SMB kwa mtumiaji atakayeingia kutoka Windows. Wa Linux huweka Samba. Na folda ikitoweka ghafla, sababu ya kawaida ni kwamba kompyuta iliyoihifadhi imelala ili kuokoa umeme.

Hadi hapo kazi ni ya nusu saa. Tatizo huanza pale mtu anapokwama katika hatua ya nywila, akatafuta msaada, naye akapewa ushauri ulioenea mno: azime kabisa sharti la nywila. Akifanya hivyo na kuruhusu kila mtu kuingia, folda hufunguka papo hapo, na kila mmoja nyumbani hufurahi.

Swali ambalo ushauri huo hauulizi ni nani mwingine yumo katika mtandao huo. Katika majengo mengi ya kukodisha nchini, mwenye nyumba huleta wifi moja na kuigawa kwa wapangaji wote pamoja na kodi. Kwingineko majirani wawili au watatu huchangia malipo ya mwezi na kutumia nywila moja. Watoto wa jirani wanaijua, na fundi aliyekuja kurekebisha televisheni mwaka juzi huenda bado anayo katika simu yake.

Kwa macho ya kompyuta, wote hao ni watu wa nyumba moja, isipokuwa pale ruta ilipowekwa kuvitenganisha vifaa. Windows ikiambiwa kwamba mtandao ni wa faragha huamini hivyo. Haina uwezo wa kujua kwamba unapita orofa tano.

Mpangaji wa jengo kama hilo hana budi kuweka kwanza uzio wake. Ruta ndogo aliyoinunua mwenyewe, ikichomekewa waya unaotoka kwa mwenye nyumba, huunda mtandao wa ndani ya mtandao. Vifaa vyake huendelea kupata intaneti, lakini walio upande wa nje hawawezi kuvifikia. Mwenye ruta yake tayari aweza kuwasha mtandao wa wageni, chaguo lililomo katika ruta nyingi za siku hizi, na kuwapa majirani nywila ya huo badala ya ule wa familia.

Ni kweli kwamba sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hata hivyo, hakimu hawezi kuiamuru picha iliyofutwa irejee.

Hatari nyingine haihitaji jirani mwenye nia mbaya. Mnamo Mei 12, 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kusambaa duniani vikifunga faili za watu kwa msimbo na kudai kikombozi. Hospitali kadhaa nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Virusi hivyo vilijisambaza vyenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila mtu kubofya chochote, kwa kupitia dosari iliyokuwa katika toleo la kwanza la SMB kwenye Windows.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya dosari hiyo Machi 14 mwaka huo, takriban miezi miwili kabla ya mashambulizi. Waliopuuza ile taarifa ya kusasisha, ambayo huja wakati mtu ana haraka ya kuzima kompyuta, ndio walioumia.

Tangu mwishoni mwa 2017, Windows mpya haziji na toleo hilo la kwanza likiwa limewashwa. Lakini zipo skana na kompyuta za zamani ambazo haziijui lugha nyingine, na baadhi ya mafundi hulirejesha ili mteja aondoke akitabasamu. Mteja akisikia kwamba SMB ya kwanza imewashwa katika kompyuta yake, aitake izimwe, hata kama maana yake ni kuachana na skana hiyo.

Suala la kusasisha limekuwa zito zaidi kwa kuwa Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Kipakatalishi kikuukuu cha baba, ikiwa bado kinatumia mfumo huo na hakipokei marekebisho ya usalama, chaweza kusoma folda ya Familia lakini hakifai kuwa ndicho kinachoihifadhi.

Hapa ndipo lile chaguo la kusoma tu linapoonyesha thamani yake. Virusi vya kudai kikombozi vikimnasa binti kupitia mchezo alioupakua, hufunga faili za kompyuta yake na pia za kila folda ya mtandaoni ambayo akaunti yake ina ruhusa ya kuibadilisha. Ikiwa ruhusa ni ya kusoma tu, hukomea kwake. Kwa hivyo, picha na stakabadhi za familia ziwekwe katika folda ya kusomwa, na iundwe nyingine ndogo ya kuandikiwa kwa ajili ya faili zinazopita tu.

Aidha, folda inayogawanwa isichukuliwe kuwa akiba. Faili iliyomo ni moja, na ikifutwa na mmoja imefutwa kwa wote. Nakala iwekwe katika diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kufungiwa kabatini, kwani iliyoachwa ikining'inia kwenye kompyuta itafungwa pamoja na kompyuta hiyo.

Wapo pia wanaotamani kuifikia folda ya nyumbani wakiwa ofisini, na hushauriwa wafungue mlango nambari 445 katika ruta ili SMB ipite hadi nje. Huo ndio mlango uliotumiwa na WannaCry. Anayehitaji huduma hiyo atumie njia salama ya VPN, ambayo ruta kadhaa huwa nayo, au ahifadhi faili hizo chache katika huduma ya intaneti na kulipia bando lake.

Baada ya kumaliza kila kitu, kuna jaribio la dakika mbili. Achukuliwe mtu mwenye kipakatalishi ambacho hakijawahi kuingia katika folda hiyo, apewe wifi kama mgeni mwingine yeyote, kisha aandike jina la kompyuta ya mezani. Ikiwa folda ya Familia itafunguka bila kumuuliza nywila, itamfungukia vivyo hivyo yeyote wa orofa ya tatu anayejua nywila ya wifi hiyo.