Mpunga, Mfereji na Baraza la Alhamisi: Muislamu Akizuru Valencia



Ndugu msomaji, Muislamu anayejaaliwa kwenda Hispania kwa mapumziko huelekezwa Granada akalione kasri la Alhambra, au Cordoba akauone msikiti uliogeuzwa kanisa. Hapana ubaya. Lakini kwa mtu wa Ubaruku, au wa bonde lolote la Usangu, mji wa kuutanguliza ni Valencia, ulioko pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Huko atayakuta mambo mawili anayoyajua tangu utotoni, nayo ni mpunga na ugomvi wa maji.

Waislamu waliutawala mji huo, wakiuita Balansiya, tangu karne ya 8 hadi Mfalme Jaime wa Aragon alipouteka mwaka 1238. Mpunga ulienea katika nchi hiyo kwa mikono yao, na lugha ya wenyeji ingali inashuhudia. Mchele kwao ni arroz, kutoka neno la Kiarabu al-ruzz. Mfereji ni acequia, kutoka as-saqiya. Ziwa lililo kusini mwa mji, ambalo mpunga hulimwa kando yake hata leo, ni Albufera, yaani al-buhayra, bahari ndogo. Hata uwanja wa kandanda wa Mestalla, ambao vijana wetu huutaja kila siku, umepewa jina la mfereji!

Mgeni apange safari yake ili siku ya Alhamisi, saa 6 mchana, awe amesimama mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, lililojengwa pale ulipokuwa msikiti mkuu. Hapo huketi Baraza la Maji. Wajumbe wake ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao wa mifereji minane inayochukua maji ya mto Turia. Huvaa majoho meusi, wakakaa kwa duara hadharani, na tarishi akaita mfereji mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama yupo aliyeshitakiwa. Mara nyingi hayupo, na baraza huvunjika baada ya dakika chache. Akiwapo, kwa kuchukua maji nje ya zamu yake au kwa kuacha mfereji uzibe, kesi husikilizwa kwa mdomo, bila wakili, hukumu hutolewa papo hapo na rufaa hakuna. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika urithi wa wanadamu.

Wenyeji husimulia kwamba Alhamisi ilichaguliwa kwa kuwa Ijumaa ilikuwa siku ya Waislamu, na kwamba baraza hukaa nje ya mlango kwa sababu Waislamu hawakuingia kanisani. Wanahistoria hubishana kuhusu umri wa baraza lenyewe. Lisilobishaniwa ni kwamba Jaime, baada ya ushindi wake, aliagiza maji yaendelee kugawanywa kama yalivyogawanywa zama za Waislamu. Wajukuu wa Waislamu hao walifukuzwa mwaka 1609, nao walikuwa zaidi ya laki moja katika himaya ya Valencia peke yake. Watu waliondoka, mifereji ikabaki.

Nasi tunayo asili ya jambo hili. Imepokewa kwamba Zubayr bin Awwam (R.A.) alizozana na mtu wa Ansari juu ya mfereji wa kunyweshea mitende mjini Madina. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, anyweshe kisha amwachilie jirani yake maji. Ansari yule aliposema kwamba Zubayr amependelewa kwa ujamaa, Mtume alikasirika, akamkamilishia Zubayr haki yake yote. Yaani wa juu hutangulia, lakini hana ruhusa ya kuyazuia maji baada ya kutosheka.

Huku Usangu, umwagiliaji wa mpunga ulianzishwa na Wabaluchi, ambao nao ni Waislamu, katika zama za utawala wa Waingereza. Kisha likaja shamba kubwa la Serikali la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, ilhali mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanausubiri chini. Mwenye shamba la juu katika mifereji yetu anajua mwenyewe kama huifunga banio lake kwa zamu au kwa nguvu.

Ama chakula, Wavalencia hula wali wao mchana, kuanzia saa 8, hivyo msafiri aswali kwanza Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza. Paella ya asili hupikwa kwa kuku, sungura na maharage. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu nyama iliyochinjwa na Watu wa Kitabu, hasa kwa mitambo ya leo, basi salama ni wali wa samaki. Hata huo auulizie, kwani supu yake huenda ilichemshwa kwa mifupa, na wapo wanaotia mvinyo. Maneno sin cerdo, yaani bila nguruwe, ayahifadhi kabla ya kupanda ndege. Katika mtaa wa Russafa yapo maduka ya Waislamu kutoka Maghrib yanayouza nyama ya halali.

Wali wenyewe ni wa punje fupi, hauna harufu ya mchele wetu, na kwa haki ya Mungu wa Ubaruku unaushinda. Lakini desturi yao ya zamani ni kuula katika kikaango kimoja, kila mtu upande wake, kama sisi kwenye sinia. Na ukoko wa chini, ambao wengi wetu huwaachia watoto, wao huugombania.

Jioni waelekezwe kwenye horchata, kinywaji cheupe, baridi, kisicho na kileo, ambacho mmea wake pia uliingizwa na Waislamu. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya ndago, gugu lilelile ambalo mkulima wa Ubaruku hulipa vibarua waling'oe.