Maradhi ya moyo hayangoji uzee: wasia kutoka Barking kwa jamaa wa Ghuba

Hapa Uingereza, ukiwa na miaka 40 mpaka 74 na faili lako halina maradhi ya moyo, kisukari wala kiharusi, unaitwa kupimwa bure kila baada ya miaka mitano. Mpango huu ulianza mwaka 2009. Mimi nina miaka 66, na barua yangu ya safari hii ilinipeleka kwenye kituo cha afya cha hapa Barking, mashariki ya London, si mbali na soko la East Street ambako watu wa pwani tunajinunulia muhogo, ndizi za kupika na samaki.

Nesi alinipima presha, akanichoma kidole kwa ajili ya kolesteroli, akanipima urefu, uzito na kiuno. Maswali nayo hayakuwa haba. Yote akayatia kwenye kompyuta, ikatoa namba moja. Namba hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, wasomaji wangu wa Maskati, Dubai, Doha na Kuwait, kwa sababu wapo vijana wetu wanaodanganyika nayo bila hata kuiona.

Kikokotoo na siri yake

Kikokotoo chenyewe kinaitwa QRISK3. Kilitolewa mwaka 2017 na watafiti wakiongozwa na Profesa Julia Hippisley-Cox, kutokana na mafaili ya mamilioni ya wagonjwa wa nchi hii. Kinataka kujua umri, jinsia, asili yako, sigara, kisukari, presha, kolesteroli, uzito kwa urefu, na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua moyo kabla ya kufika miaka 60. Hata mtaa unaokaa kinauliza, maana mitaa ya watu maskini huugua zaidi. Kwenye asili kuna Mhindi, Mpakistani, Mbangladeshi, Mchina, Mwafrika na Mkaribi. Mwarabu hayumo. Basi mimi, baba asili yake Oman na mama mtu wa Tanga, nikatiwa kwenye "wengineo". Nimeshazoea.

Jibu linakuja kwa asilimia: kati ya watu 100 wa hali kama yako, wangapi watapata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi ijayo. Ikifika 10 kwenda juu, daktari anakuzungumzia chakula, mazoezi, na vidonge vya statini vya kupunguza kolesteroli.

Nimefundisha hisabati miaka mingi, na namba siwezi kuiacha hivi hivi. Niliporudi nyumbani nikakifungua kikokotoo mwenyewe kwenye intaneti, kiko wazi kwa kila mtu. Presha, uzito na kolesteroli nikaviacha vile vile, nikabadilisha umri tu. Nilipoandika miaka 40, asilimia ikaporomoka. Nilipoandika 75, ikapaa. Umri peke yake una nguvu kuliko karibu kila kitu kingine kwenye hesabu ile. Mwanamume wa miaka 70 asiyevuta na mwenye presha nzuri anavuka 10 kwa umri wake tu. Na kijana wa miaka 40 anayevuta sigara, presha imepanda na tumbo limetangulia, anaweza kuambiwa yuko chini ya 10. Akatoka anachekelea.

Hapo ndipo penye hatari. Kikokotoo kinatazama miaka kumi tu, na kijana ana miaka arubaini mbele yake. Ndiyo maana siku hizi madaktari wa hapa huonyesha pia "umri wa moyo", yaani moyo wako unafanana na wa mtu mzima wa afya wa miaka mingapi. Mtu wa miaka 40 akiambiwa moyo wake ni wa miaka 55, hapo kicheko kinakatika.

Presha si lazima ipande na miaka

Ukimuuliza mzee yeyote kwetu kwa nini presha yake iko juu, atakwambia, "Ah, ni umri huo." Kuna ukweli ndani yake. Miaka ikienda, mishipa mikubwa inakakamaa, haivutiki tena kama mpira mpya, na ile namba ya juu ya presha inapanda. Mafuta nayo hujijenga ndani ya kuta za mishipa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na kazi hiyo huanza ujanani.

Lakini kisa cha kuanzia kipo Afrika Mashariki kwetu. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika kwenye jarida la Lancet habari za watu wapatao elfu moja aliowapima presha South Kavirondo, upande wa Kisii, magharibi ya Kenya. Alikuta kwamba baada ya miaka 40 presha yao haikupanda. Ilishuka. Wazee wale walikuwa wamezeeka kama wazee wengine wote, lakini presha haikuwafuata.

Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, Profesa Neil Poulter na wenzake walitoa utafiti wa Waluo waliohama vijijini wakaenda Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini, presha za wahamiaji zilikuwa zimeshapanda kuliko za wale wa kijijini. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na uzito ulikuwa umeongezeka. Miezi michache, jamani! Hapo huwezi kusingizia uzee.

Kwa hiyo mimi naufahamu umri hivi: ni mita ya teksi. Inahesabu mishipa yako imekaa muda gani na chumvi, moshi, sukari na mafuta. Anayeanza mzigo huo na miaka 20, akifika 45 ameshaubeba miaka 25.

Ghuba tunaugua mapema

Mwaka 2004 ulitoka utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, ukiongozwa na Profesa Salim Yusuf, katika nchi 52. Ulionyesha kwamba sababu tisa zinabeba karibu asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo: sigara, mafuta mabaya kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, dhiki ya moyoni, kutokula matunda na mboga, kukaa bila mazoezi, na mambo ya pombe. Nchi zetu za Mashariki ya Kati ziliingia kwenye utafiti ule, na wagonjwa wake walikuwa wanapata mshtuko wa kwanza wakiwa na kama miaka 51, karibu miaka kumi mapema kuliko wa Ulaya Magharibi.

Miaka 51 ni mtu mwenye watoto shuleni na mkopo wa nyumba. Ndiyo maana namkazania mtoto wa ndugu yangu aliye Seeb. Ana miaka 43. Asubuhi chai ya karaki, mchana biriani, usiku shisha na wenzake, na gari mpaka mlangoni. Mwaka jana mwenzake wa kazini, umri ule ule, alianguka ofisini na hakuinuka. Nikampigia simu nikamwambia nenda ukapime. Akanijibu, "Ami, hayo maradhi ya nyinyi wazee." Nikamwambia, mwenzako aliyezikwa alikuwa mzee?

Kwa wanawake hesabu inakwenda kwa mwendo mwingine. Kabla ya hedhi kukoma, homoni huwapa kinga fulani, na kwa kawaida moyo huwaugua miaka kadhaa nyuma ya wanaume. Baada ya hapo hatari inapanda. Mwanamke mwenye kisukari, au aliyepata presha au sukari wakati wa ujauzito, asiihesabu kinga hiyo. Na dalili zake huenda zisiwe maumivu ya kifua peke yake: kichefuchefu, uchovu mzito, pumzi kukatika, maumivu ya mgongo au taya. Mama zetu huyaita "gesi" na kunywa tangawizi. Msiwaache.

Na wazee je?

Kosa la upande wa pili ni kusema, "Bibi ana miaka 82, mwacheni apumzike na vidonge." Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa HYVET, ulioongozwa kutoka Imperial College hapa London, wa watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi wenye presha. Waliotibiwa walikufa kwa uchache kuliko wasiotibiwa, tofauti ya kama asilimia 21. Mzee apewe dawa kwa uangalifu, atazamwe asipate kizunguzungu akaanguka, lakini asiachwe.

Ya kufanya, kwa umri

Miaka 20 na 30: pima presha japo mara moja kwa mwaka, ujue namba yako. Acha sigara na shisha. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka mmoja baada ya kuacha sigara, hatari ya maradhi ya moyo iliyozidi kwa ajili yake inashuka kama nusu.

Miaka 40: pima presha, sukari na kolesteroli hata kama huumwi. Oman ina mpango wa vituo vya afya wa kuwapima raia wa miaka 40 na zaidi, utumieni. Waulizeni wazazi nani katika ukoo aliugua moyo kabla ya miaka 60.

Miaka 60 na zaidi: dawa za presha usiziache kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Punguza achari, papa wa chumvi na vidonge vya supu. Tembea kila siku. Ikiwa jua kali, tembea ndani ya jumba la maduka.

Na siku kifua kikibana, jasho likitoka, maumivu yakienda mkononi au tayani, usingoje asubuhi wala usiendeshe gari mwenyewe. Piga 9999 Oman, 998 Imarati, 997 Saudia, 999 Qatar. Ziandikeni kwenye mlango wa friji, na hata mtoto wa miaka minane afundishwe kuzipiga.

Huyu wa Seeb ameniahidi kwenda kupima wiki hii. Nimemwambia anitumie picha ya mashine, si maneno. Nanyi wengine, mfanyieni hivyo hivyo mmoja wenu mnayempenda. Mwenyezi Mungu atupe afya na umri mrefu wa kuitumia.