Pua Iliyopinda au Yenye Kigongo: Lipi Linatengenezeka, na Lipi la Kujihadhari

Kwa watu wetu pua ni nasaba. Mtoto hajatimiza siku saba, bibi kesha mkagua na kutoa hukumu: "Hii pua ya babu yake, haikukosea." Wengi wetu tuna pua ndefu yenye kigongo katikati, na zamani ilihesabiwa ni haiba. Siku hizi binti anajipiga picha kwa simu, anajitazama, kisha anamwendea mama yake: nataka kutengeneza pua. Mama anashtuka, baba anapandisha sauti, na maneno yanaishia hapo kabla mtu hajauliza suala la maana: pua hiyo ina nini hasa?

Tuanze na maumbile yake. Theluthi ya juu ya pua ni mfupa. Sehemu ya chini yote iliyobaki ni gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio. Ndani mna ukuta unaotenga tundu mbili. Kigongo mara nyingi hutokea pale mfupa na gegedu vinapokutana, vikawa vimezidi. Kupinda kwaweza kutoka kwenye mfupa, kwenye gegedu, au kwenye ule ukuta wa ndani. Tena ukuta waweza kupinda hali ya kuwa pua kwa nje imenyooka kama rula. Mtu huyo utamkuta tundu moja imeziba daima, anakoroma, anaamka kinywa kikavu, na miaka yote anadhani ni mafua ya kiyoyozi.

Kwa hivyo kwanza tenga mawili: kuna pua inayosumbua pumzi, na kuna pua inayosumbua moyo. Wengine wana yote mawili. Daktari wa kumuona ni bingwa wa masikio, pua na koo, si mwenye saluni.

Pua ikiumia, usingoje

Kijana kapigwa na mpira au kaanguka na baiskeli, pua imekwenda upande. Usiikande wala usiivute kuinyoosha mwenyewe. Weka barafu iliyofungwa kitambaa, kisha mtazame. Ikiwa pua imeziba pande zote mbili, maumivu yanazidi, na ndani ya tundu unaona uvimbe laini unaoziba njia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda damu imevilia kwenye ukuta wa kati. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na ngozi iliyoifunika. Damu ikijaa baina yao, gegedu hufa kwa siku chache tu, na pua hudidimia. Vilevile akitokwa na maji maangavu puani baada ya kugonga kichwa, hiyo ni dharura.

Ikiwa mfupa umehama tu, daktari aweza kuurudisha mahala pake bila kupasua. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanywa ndani ya wiki mbili, kwa mtoto mapema zaidi, ndani ya wiki moja hivi. Ukichelewa mfupa kesha unga ulivyo, na hapo inabidi kungoja miezi kisha kufanya upasuaji hasa.

Njia zilizopo

*Dawa ya kupuliza.* Hii hainyooshi kitu. Lakini ikiwa kinachoziba ni mzio wa vumbi au moshi wa udi, dawa yaweza kuleta nafuu kubwa, na mtu akaona hana haja ya kisu.

*Kunyoosha ukuta wa kati.* Daktari hupitia ndani ya tundu, hunyoosha au huondoa sehemu iliyopinda. Nje hakuna kovu, na sura kwa kawaida haibadiliki. Lengo ni pumzi. Hapa Ghuba na hata Uingereza, bima au hospitali ya serikali huenda ikakubali matibabu haya kukiwa na ushahidi wa daktari, lakini aghlabu haigharimii urembo. Uliza kabla, na jibu ulitake kwa maandishi.

*Upasuaji wa kutengeneza pua.* Hapa kigongo husuguliwa au hukatwa, na mara nyingi mifupa ya pembeni hukatwa pia ili isogezwe katikati. Gegedu iliyopinda hunyooshwa, na pengine huongezwa kipande kilichotolewa kwenye ukuta wa kati, sikio au ubavu. Daktari hupitia ndani tu, au hukata kidogo kile kijinofu kinachotenga tundu mbili. Mgonjwa kwa kawaida hulazwa kwa nusukaputi. Kibao cha juu ya pua hukaa kama wiki moja. Macho huvimba na kuiva wekundu, kisha hupoa kwa wiki mbili hivi. Lakini umbo lenyewe halitulii mpaka mwaka mzima, basi asiyekuwa na subira afikiri mara mbili. Hatari zake ni kutoka damu, maambukizi, pumzi kuwa nzito kuliko kwanza, au sura isiyoridhisha. Wapo wanaorudi kupasuliwa tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Pua iliyopinda sana hunyooka zaidi, lakini daktari mkweli hatakuahidi unyoofu wa mstari.

*Sindano za kujazia.* Hizi ndizo zilizoenea, na ndizo ninazotaka mama zangu wazisikilize vizuri. Dawa hudungwa juu na chini ya kigongo ili mgongo wa pua uonekane sawa. Ni kazi ya dakika chache, na huyeyuka yenyewe baada ya miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi. Lakini haipunguzi pua, inaiongeza, wala haisaidii pumzi. Na mishipa ya puani imeungana na ya jicho. Dawa ikiingia kwenye mshipa, ngozi yaweza kufa au jicho likapofuka papo hapo. Ni nadra, lakini likitokea halina muda wa kungoja. Ngozi ikigeuka nyeupe au ya mabaka, maumivu makali, au macho kufifia, ni dharura ya dakika, si ya kesho. Kwa hiyo sindano ya sebuleni, ya mtu anayepita majumbani na mkoba wake, ikatalieni kabisa.

*Vibano vya kuvaa usiku* vinavyouzwa kwenye simu havibadilishi mfupa wala gegedu ya mtu mzima. Pesa zako zihifadhi.

Umri, moyo na dini

Pua bado inakua. Madaktari wengi hungoja msichana afikie miaka 15 au 16, na mvulana 17 au 18, isipokuwa kwa ajali au pumzi. Na simu nayo inadanganya: watafiti wa Marekani mwaka 2018 walikadiria kuwa picha ya kujipiga kwa karibu, sentimita 30 hivi, huikuza pua kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita moja na nusu. Miaka niliyosomesha nilisikia watoto wakiitana "Kasuku" kwa ajili ya pua. Wakubwa tulicheka, aliyeitwa hakucheka. Basi msikilize mwanao. Ila akiwa hatoki nyumbani, au anashinda kwenye kioo, anahitaji kwanza mtu wa kutibu moyo, kwani pua mpya haitamtosha.

Kuhusu sharia, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kurekebisha kasoro, na pua iliyopinda sana ni mfano mmoja uliotajwa. Likakataza kubadilisha umbile la kawaida kwa matamanio na kuiga wengine. Katika Hadithi twamjua Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akatia ya fedha ikaharibika harufu, na Mtume (s.a.w.) akamuamrisha atie ya dhahabu. Kigongo cha kawaida kiko upande gani, muulize shekhe unayemuamini.

Kabla na baada

Sigara na shisha ziachwe mwezi mzima kabla. Mwambie daktari dawa zote, pamoja na aspirini na za mitishamba, kwani baadhi huongeza damu kutoka. Baada ya upasuaji hakuna kuinama wala kupenga, hivyo sijda huwa ya ishara na maji hayavutwi puani wakati wa udhu, mpaka daktari aruhusu. Miwani isilale juu ya pua wiki kadhaa.

Na kabla ya kutia saini muulize daktari haya: Una leseni ya nchi hii? Pua ngapi za namna hii umetengeneza? Nani atanilaza usingizi? Pumzi yangu itakuwaje? Tukihitaji kurudia, nani atalipa? Anayekwenda kufanyiwa nchi ya mbali aulize na hili: nikirudi nyumbani damu ikatoka usiku, nimpigie nani? Daktari anayekereka kwa masuali haya, muage kwa heshima, utafute mwengine.